Dawa ya Wengi, Jina la Nani?

Utamaduni wa taifa hutafutwa aghalabu katika ngoma, mavazi, methali na vyakula, na ni haki kuutafuta huko. Lakini namna watu wanavyofanya kazi pamoja nayo ni sehemu ya utamaduni wao, na namna wasomi wao wanavyogawana elimu ni sehemu iliyo nyeti zaidi. Katika makala haya twakusudia kuuliza swali moja. Watu wengi wakishirikiana kuitafuta elimu, na elimu hiyo ikapatikana, majina yao yafanywe nini? Yatajwe moja moja, au yafunikwe na jina la kundi? Swali laweza kuonekana dogo, la watu wanaogombea sifa. Tutalitazama katika fani ya dawa, kwa kuwa huko kosa la msomi humezwa na mgonjwa.

Dawa haina mwenyewe mmoja. Ili kidonge kimfikie mtoto mwenye homa, hapana budi mtaalamu wa mimea alitambue jani, mkemia akitoe kiini chake, mfamasia akipime na kukitengeneza, daktari akijaribu kwa wagonjwa, kisha mtoa dawa amweleze mama ampe mtoto vingapi, saa ngapi, na baada ya chakula gani. Mmoja wao akikosea, kazi ya wenzake wote yaweza kwenda bure. Chuo kinachofundisha famasia bila ya kuwafundisha wanafunzi kusikilizana na fani nyingine kitakuwa kimefundisha nusu tu ya famasia.

Mfano wetu ni dawa ambayo wengi wetu tumeimeza. Mwaka 2006 Tanzania Bara iliiteua dawa ya mseto, ile iitwayo ALu, iwe dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali. Ilichukua mahali pa SP, ambayo nayo ilikuwa imechukua mahali pa klorokwini mwaka 2001. Mseto huo una dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na iliyo kali zaidi kati ya hizo mbili chanzo chake ni mmea wa jamii ya pakanga, ambao Wachina huuita qinghao. Basi hatuna budi kwenda Uchina kidogo.

Tarehe 23 Mei 1967 ulifanyika mkutano mjini Beijing. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na malaria ilikuwa ikiwamaliza askari wa Vietnam ya Kaskazini, ambao viongozi wao waliiomba Uchina msaada. Mpango uliozaliwa katika mkutano ule uliitwa Mradi wa 523, kwa kufuata mwezi na tarehe yake. Ulikuwa siri ya kijeshi, na katika uhai wake ulikusanya zaidi ya watafiti 500 kutoka taasisi zipatazo 60. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtafiti wa dawa katika taasisi ya tiba ya jadi mjini Beijing, alikabidhiwa kundi la kuchunguza dawa za asili. Walikusanya maagizo ya waganga zaidi ya 2,000. Mmea wa qinghao ulikuwa miongoni mwa ile iliyojaribiwa, lakini matokeo yake yalikuwa ya kubahatisha: leo wafaa, kesho haufai.

Hapo Tu alirudi kwenye vitabu vya kale. Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, aliandika kwamba mgonjwa wa homa aloweke konzi ya qinghao katika maji, aikamue, anywe maji yake. Hakusema ichemshwe. Tu aliwaza kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaikamua kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli ya 191 iliwaua vimelea wote katika panya waliougua. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa, wajue kama ina madhara. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, maana tutalihitaji mbele.

Mwezi Machi 1972 kundi la Tu liliwaeleza washirika wote wa Mradi habari hizo katika mkutano wa Nanjing. Wataalamu wa Shandong na wa Yunnan walirudi makwao wakakitoa kiini kutoka mimea ya huko. Li Guoqiao, daktari kutoka Guangzhou, alikijaribu kiini cha Yunnan mwaka 1974 kwa watu waliokuwa mahututi kwa malaria. Wakemia wa Shanghai walishiriki kulitambua umbo lake, na wengine katika mji huo huo wakakigeuza kuwa artemetha, ambayo ndiyo herufi ya kwanza ya ALu yetu. Lumefantrini, ile Lu, ilitoka mikononi mwa watafiti wa chuo cha tiba cha jeshi, na Zhou Yiqing wa chuo hicho ndiye aliyeongoza kazi ya kuziunganisha dawa hizi mbili. Msomaji na ahesabu mwenyewe ni mikono mingapi iliyopita hapo.

Mwaka 1977 habari za kiini kile zilichapwa kwa mara ya kwanza katika jarida la sayansi. Makala yale hayakuwa na jina la mtu hata mmoja. Yalitiwa jina la kundi la ushirikiano wa utafiti, basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Uchina wakati ule: kujitaja kulihesabiwa kuwa ni kujikweza, na kazi ni ya umma. Miaka ikapita. Mwaka 2011 Tu Youyou alipewa tuzo ya Lasker nchini Marekani, na mwaka 2015 tuzo ya Nobel, akiwa Mchina pekee kati ya watu watatu walioigawana tuzo ile ya tiba. Mabishano yakawaka. Wako waliosema kwamba amestahili, kwa kuwa yeye ndiye aliyeionyesha njia. Wako waliosema kwamba kazi ya mamia imevikwa shingoni mwa mmoja.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki kiasi, na kwamba kosa halikufanyika Stockholm mwaka 2015. Lilikuwa limekwisha kufanyika mwaka 1977. Kamati ya Nobel kwa kanuni zake haiwezi kuigawa tuzo moja kwa zaidi ya watu watatu, na haikuwa na karatasi ya siku ile inayosema nani alifanya nini. Majina yaliyofunikwa kwa jina la umoja yalikuja kufukuliwa baadaye na watu waliokuwa wamezeeka, kila mmoja akiwa na kumbukumbu zake na uchungu wake. Ushirika uliokusudiwa kuzuia ugomvi uliuahirisha tu.

Mtu aweza kutujibu kwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Jibu hilo tunaliheshimu. Tumewaona wasomi ambao baada ya sifa ya kwanza hawakufanya kazi ya pili. Tena fedha za utafiti hutoka kwa wananchi. Kwa nini basi mtumishi wao adai jina? Lakini hoja hii yachukulia kwamba kazi ya jina ni kumsifu mwenyewe tu. Hebu tuingie katika duka la dawa. Mfamasia akiletewa cheti cha dawa kisicho na sahihi ya daktari, hakubali kutoa dawa. Je, sahihi ile huwekwa ili daktari asifiwe? Huwekwa ili dawa ikimdhuru mgonjwa ajulikane wa kuulizwa. Jina ni dhamana kabla ya kuwa sifa. Tu na wenzake wawili walipoinywa dawa yao waliweka miili yao kuwa dhamana, na ni ajabu kwamba waliokubali kuweka miili hawakuruhusiwa kuweka majina. Wahariri wa majarida ya tiba, ambao walikutana kwa mara ya kwanza mjini Vancouver, Canada, mwaka 1978, wamelielewa jambo hili hatua kwa hatua. Tangu mwaka 2013 masharti yao humtaka kila atajwaye kuwa mwandishi akubali kuwajibika kwa kazi nzima.

Wala tusidhani kwamba kutaja majina ni tabia ya kigeni inayouvunja ujima wetu. Wazee walipolima pamoja, kila mtu alikatiwa ngwe yake. Shamba lilikuwa moja, na pombe au uji ulinyweka kwa pamoja, lakini ngwe iliyoachwa na magugu ilijulikana ni ya nani, na aliyemaliza mapema akamsaidia jirani yake ilijulikana pia. Ngwe haikuuvunja umoja. Iliulinda usigeuke maficho ya wavivu.

Kwa kipimo hicho hicho twalikataa kosa la pili, ambalo siku hizi labda ni kubwa kuliko la kwanza: majina ya watu wasio na ngwe. Mkuu wa idara ambaye hakushika hata chupa hutaka jina lake liwe juu. Rafiki humtia rafiki ili naye siku moja atiwe. Orodha ndefu ya namna hiyo ni uongo wa adabu, na dhamana yake ni bure.

Kwetu swali hili lina upande ambao Wachina hawakuwa nao kwa kiasi hicho. Mwaka 1974 masomo ya shahada ya famasia yalianzishwa Muhimbili, na mwaka huo huo kikaanzishwa huko kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asilia. Tangu mwanzo kazi ya kitengo hicho ilihitaji wataalamu wa mimea, wakemia, wafamasia na waganga. Ge Hong aliandika kitabu, kwa hiyo baada ya miaka zaidi ya 1,600 Tu aliweza kukisoma na kumtaja. Mganga wetu aghalabu hakuandika. Elimu yake imo kinywani mwake na mwa wazazi wake. Msomi akiondoka na jani, kisha akaandika kwamba "wenyeji hulitumia kutibu homa", ameiondoa ngwe nzima kwa neno moja. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Tunajua kwamba ni vigumu kusema elimu iliyorithiwa na ukoo ni ya nani hasa, na kwamba wako waganga wasiotaka kutajwa. Asiyetaka na aulizwe kwanza. Kuamua kwa niaba yake ni jambo jingine kabisa.

Walimu wa sekondari wanaweza kulianza jambo hili bila ya kungoja chuo kikuu. Kazi za makundi darasani zina kawaida ya kukusanywa na majina matano juu, ilhali wawili ndio walioifanya. Mwanafunzi aliyefanya hunyamaza, kwa kuwa kumtaja mwenzake huonekana usaliti. Hisia hiyo ni ya heshima nasi hatuidharau. Lakini mwalimu akidai tangu siku ya kwanza kwamba ukurasa wa mwisho ueleze nani alipima, nani alikokotoa na nani aliandika, hapatakuwa na wa kusalitiwa.

Na haja ya jambo hili si ya kesho. Tangu mwaka 2020 imethibitishwa nchini Rwanda, kisha Uganda, kisha mkoani Kagera, kwamba wako vimelea wa malaria wanaochelewa kufa wakipigwa na dawa ya jamii ya artemetha. Dawa mwenza ndiyo huwamalizia. Vimelea hao hawajui mpaka, kwa hiyo wasomi wa nchi tatu hawana budi kufanya kazi kama kundi moja. Na walio mbele kabisa katika kazi hiyo hawako vyuoni. Mseto humezwa mara sita katika siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa. Mtoa dawa katika duka la kijijini ndiye ajuaye kwamba mama fulani alikatiza dozi baada ya mtoto kuchangamka, na fulani mwingine alimaliza zote, lakini homa ikarudi. Tofauti kati ya mama hao wawili ndiyo utafiti wenyewe. Tuseme ameiandika katika daftari lake, kila jioni, kwa mwaka mzima. Daftari hilo likifika chuoni, je, litaingia katika makala pamoja na jina la aliyeliandika, au litaitwa "takwimu kutoka wilayani"?