Vinukta Viwili

Mpwa wangu alilala siku mbili kwenye kibanda cha bati kando ya barabara kwa sababu ya vinukta viwili. Naanza na hilo kwa kuwa bila hilo nisingeandika lolote, na msomaji ana haki ya kujua kwamba ninaandika nikiwa na kinyongo.

Alikuwa anatoka Kibondo kuja Kasulu, na galoni la asali na mfuko wa nguo. Basi likasimamishwa. Wenye vitambulisho vya taifa wakabaki kwenye viti, wasio navyo wakashushwa. Cha kwake kilikuwa hakijatoka. Alichokuwa nacho ni namba tu, aliyoiandika kwenye karatasi. Chini ya mti palikuwa na dawati la shule, watu watatu na kaunta buku lililopigwa mistari kwa rula: namba, jina, atokako, matokeo. Wakamwuliza majina ya babu zake wa pande zote mbili. Akayataja. Wakamwuliza nani alikuwa mwenyekiti wa kitongoji chao alipokuwa darasa la tatu. Akamtaja. Kisha wakamwambia ahesabu kwa Kiha, moja mpaka kumi. Akahesabu, na mmoja wao akasema, "Hicho ni Kirundi." Mimi ni Muha wa miaka sitini na mbili, na sijui ni nani awezaye kupitisha mpaka wa nchi katikati ya namba kumi.

Kijana ana macho makali. Aliposimama mbele ya dawati alilisoma daftari kutoka upande wa juu, herufi zikiwa miguu juu. Mstari wa kwanza, kwenye safu ya matokeo, paliandikwa "si raia". Chini yake, mstari baada ya mstari, vilishuka vinukta viwili viwili, vile tunavyovitumia walimu kumaanisha "kama hapo juu". Vilishuka vikapita jina la mwisho, vikaendelea mistari sita au saba kwenye nafasi zisizo na mtu bado. Jina lake likaandikwa kwenye moja ya nafasi hizo.

Alitoka siku ya tatu, baada ya mtu aliyewahi kuwa mtendaji wa kata kufunga safari na kumdhamini kwa mdomo. Hakuna aliyemwomba radhi, wala aliyechukua kalamu na kufuta vile vinukta.

Juma lililofuata tulikuwa kwenye matanga hapa Kasulu, nikasimulia. Mzee mmoja aliyefanya ukarani wa mahakama miaka mingi, mtu ninayemheshimu, akaweka kikombe chini akasema, "Mwalimu, mshukuru Mungu. Angalau kijana aliulizwa maswali." Nikamjibu kwa mfano wa Kenya, maana nilikuwa nimetoka kusoma habari za mahakama za wakati wa Mau Mau. Akasema, "Hata wale, angalau walisomewa mashtaka." Neno hilo, angalau, limeninyima usingizi kuliko siku mbili za mpwa wangu.

Maana ya mahakama na maana ya haki sitazichambua. Kila mtu apewe kilicho chake, asihukumiwe kabla ya kusikilizwa, anayeamua asiwe na kesi yake humo ndani: hayo yamesemwa tangu zamani na nayapokea yalivyo. Kinachonisumbua ni kitu chenye sura yote ya mahakama, yaani meza, kitabu, mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu, lakini jibu lake limetangulia kufika. Kitu hicho tukiiteje? Na je, ni bora kuliko kutokuwepo kabisa?

Nichukue mfano ule wa Kenya. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya. Mamlaka aliyotumia yalitoka kwenye amri iliyotungwa London mwaka 1939, vita na Ujerumani vikiwa mlangoni. Sheria iliyoshonwa kwa ajili ya vita vya Ulaya ilitolewa sandukuni miaka 13 baadaye wakavishwa wakulima wa Kiambu na Nyeri. Mwaka 1953 zikaundwa mahakama maalumu za dharura. Ule uchunguzi wa awali mbele ya hakimu wa chini, unaomwezesha mshtakiwa kujua mapema ushahidi gani unamkabili, ukaondolewa ili kesi ziende mbio. Jaji aliketi na wazee wa baraza, ila maoni yao hayakumfunga. Makosa ya kitanzi yakaongezwa: kulisha kiapo, kukutwa na silaha, kukutwa na risasi, kufuatana na wapiganaji. Watu 1,090 wakanyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa Oktoba 1956 akiwa na jeraha la risasi, hakushtakiwa Nyeri kwa kuongoza vita vya msituni. Alishtakiwa kwa kukutwa na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Hapa nitatoka njiani kidogo, kwa sababu nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na maneno haya hayaniachi. Tunasema "mahakama maalumu" tukidhani tumesema mahakama ya pekee. Lakini maalumu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kitu kinachojulikana. Ni wa ukoo mmoja na elimu, mwalimu na taaluma. Mahakama maalumu ni mahakama ijulikanayo, na mpwa wangu alikiona kilichokuwa kinajulikana, kimeandikwa kabla hajafungua mdomo. Dharura nayo ni ndugu wa madhara na kudhuru. Aliyeutia ulimi wetu maneno hayo alijua kwamba lazima na maumivu hutoka tumbo moja. Na miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba haki, hakimu, hukumu na mahakama ni jamaa. Nilikosea. Hakimu, hukumu, hekima na mahakama ndio wa nyumba moja. Haki ina shina lake yenyewe. Zinafanana tu kwa sauti, kama majirani waliozoeana mpaka wageni wakawadhani ni ndugu. Siku nilipolijua hilo nilikaa kimya darasani kwa muda, watoto wakanitazama.

Nirudi kwa mzee.

Zipo hoja nyingine ambazo mtu mwenye akili angeweza kunipa. Mashahidi waliuawa kabla ya kufika kortini, kwa hiyo mwendo wa kawaida ulikuwa mgumu kweli. Watu wa Lari waliochomewa nyumba na Mau Mau usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wanawake na watoto wakiwemo, walistahili kuona mtu anajibu. Nazikubali zote mbili, na sina jibu linalozimaliza. Lakini mzee hakusema hayo. Yeye alisema angalau.

Hebu nilitazame angalau lake kwa karibu. Anachosema ni kwamba ubaya una ngazi. Chini kabisa yuko anayepigwa risasi pasipo neno. Juu yake kidogo yuko anayesomewa mashtaka, akapewa wakili, akakata rufaa, kisha akanyongwa. Wa pili amepata zaidi, kwa hiyo ashukuru. Mzee alinitajia Songea: Mjerumani mwaka 1906 alinyonga mashujaa 67, hakuna aliyeuliza swali. Mwingereza angalau aliweka jaji.

Basi nichukue Songea hiyohiyo. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwakumbuka wale 67. Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza pale kaburini kama walikuwa na hatia, au mashtaka yao yaliandikwaje. Inajulikana wazi kwamba waliuawa na watu waliokuja kuwatawala. Msiba wao ni msiba mzima, haukupunguzwa na karatasi. Sasa tazama Kenya. Aliyenyongwa na mahakama ile hakuuawa, kwa lugha ya kitabu, alitiwa hatiani. Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku kisheria mpaka mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kushushwa. Mjane wa mtu aliyepigwa risasi anaweza kulia barabarani. Mjane wa mtu aliyetiwa hatiani hulia chumbani, maana jirani atamwuliza mumewe alifanya nini. Kwa hiyo ngazi ya mzee haipandi kama anavyodhani. Aliyepigwa risasi amenyang'anywa uhai. Aliyehukumiwa kwa hukumu iliyotangulia amenyang'anywa uhai, kisha akanyang'anywa na ukweli kwamba amenyang'anywa.

Mzee angesema: lakini wengine waliachiwa! Ni kweli, na si wachache. Majaji wengine walipekua ushahidi wa polisi wakautupa. Hapo ndipo angalau lake linapata nguvu, nami niliumia kichwa juu yake siku kadhaa. Jibu nililipata kwa Achieng Oneko. Alihukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba, mbele ya hakimu Ransley Thacker, na mmoja wa mashahidi wakubwa wa kesi hiyo, Rawson Macharia, alikuja kutangaza mwaka 1958 kwamba alisema uongo. Oneko alikata rufaa, akashinda mwaka 1954. Hakwenda nyumbani. Alipelekwa kizuizini kwa amri ya serikali, akakaa huko miaka. Basi mlango wa kuachiwa ulikuwapo, umepakwa rangi vizuri, ila nyuma yake kulikuwa na ukuta. Ikiwa anayepatikana na hatia anafungwa na asiyepatikana na hatia anafungwa, mahakama imeamua nini? Imeamua jambo moja tu, nalo ni jina litakaloandikwa kwenye safu ya mwisho.

Kapenguria inanikumbusha pia ile hesabu ya moja mpaka kumi. Mkalimani wa kwanza wa kesi hiyo alikuwa Louis Leakey, mtu aliyekijua Kikikuyu tangu utoto, na aliyekuwa ameandika kitabu dhidi ya Mau Mau. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alilalamika, mwishowe Leakey akaondoka. Nafikiri Pritt aliona kitu ambacho mzee wetu, pamoja na ukarani wake wote, hakukiona. Katika chumba cha namna ile hatari huwa pia katikati ya midomo miwili, pale mtu mmoja anapoambiwa, "Wewe umesema hivi." Mpwa wangu alisema *rimwe, kabiri, gatatu*. Dawati likasikia Burundi.

Na sisi wa Buha tuna sababu zetu za kuzijua namba na vitabu. Kuanzia 1916 mpaka 1921 wazee wetu waliishi chini ya jeshi la Wabelgiji, wakakabidhiwa kwa Mwingereza kama mzigo unaohamishwa ghala. Katika Vita Kuu ya Pili mkonge ulikuwa mali ya vita, hasa Wajapani walipoteka nchi za Asia zilizokuwa zikitoa nyuzi, na kanuni za vita zikamruhusu mkoloni kuwalazimisha watu kwenda mashambani. Muha akajulikana Tanga na Morogoro kwa jina la manamba. Babu yangu aliitikia namba yake mpaka uzee, hata usingizini. Niliposoma kwamba washtakiwa wa Lari waliketi kortini Githunguri wakiwa wamevishwa vibao vya namba shingoni, ili jaji na mashahidi wasiwachanganye, sikuweza kuendelea na ukurasa. Watu wengi kiasi cha kuhitaji vibao, kesi moja. Vinukta viwili havikubuniwa jana.

Hapa ningependa niseme nimemshinda mzee. Sijamshinda. Kuna jambo linaloniharibia hoja yangu, na lazima niliweke mezani.

Kaburi la Kimathi halijulikani kwa hakika lilipo. Lakini karatasi za kesi yake zipo, zilipatikana na kuchapishwa kitabuni mwaka 2017: maswali, majibu, maneno yake mwenyewe alivyojitetea. Hata ile idadi ya 1,090 tunaijua kwa sababu kulikuwa na majalada. Mateso ya kambi za kizuizini, yaliyofanywa pasipo meza wala karani, yalingoja mpaka wazee wachache waishtaki Uingereza huko London. Juni 2013 serikali yake ikaeleza masikitiko na kukubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9. Fidia hiyo ilikuwa ya mateso, haikuzigusa hukumu. Ila hukumu ziliacha nyayo. Kitabu kilichomwibia mtu jina lake ndicho kilichomtunza. Pengine angalau la mzee lilikuwa limebeba hilo, naye hakupata maneno ya kulisema, nami sikumpa nafasi, kwa hasira.

Juzi nilimwuliza mpwa wangu anataka nini kifanyike. Nilitegemea aseme daftari lile litunzwe, lipelekwe mbele ya mtu mkubwa, lionekane. Akasema, "Mjomba, mimi nataka ule ukurasa uchanwe. Nikisimamishwa tena watafungua, watanikuta mle." Nikamwambia ukichanwa hakuna atakayeamini kwamba vinukta vilitangulia. Akanyamaza, akavuta mfuko wake, akanionyesha nakala za vyeti vya kuzaliwa alizozipiga laminesheni, yeye, mkewe na mtoto wa miezi minane, kila mmoja ya kwake.

Alhamisi ana safari ya Kibondo, kurudisha galoni.