Jumatano: Urithi Usiosimuliwa

Soma Eze. 18:1–4, 14–17. Mwana anayetajwa katika aya ya 14 alifanya nini kabla ya kuiacha njia ya baba yake?

Chukua mfano wa familia moja ya Waikoma, wilayani Serengeti. Wazee wake wanaweza kutaja majina ya mababu mmoja baada ya mwingine. Lakini baba alipoanguka ghafla shambani na upande mmoja wa mwili kupooza, msibani wengine walinong'ona kwamba amelogwa, wengine wakasema ni laana ya ukoo. Shangazi alikatwa mguu kwa sababu ya kidonda kisichopona. Hakuna aliyetamka neno kisukari wala shinikizo la damu. Leo mwana wa kwanza ana miaka 40, mkanda wake umeongezwa matundu, naye hajawahi kupimwa.

Wataalamu wa afya hutazama dalili 5: kiuno kinene, shinikizo la damu kuanzia 130/85, sukari iliyopanda mtu akiwa hajala, mafuta mengi katika damu, na upungufu wa lehemu nzuri. Mtu mwenye 3 kati ya hizo ana hali iitwayo sindromu ya metaboliki. Mara nyingi haina maumivu, lakini huandaa njia ya kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo. Mwenye mzazi, kaka au dada aliyepata kisukari yumo katika hatari zaidi kuliko wengine. Sehemu ya hatari hiyo imo katika damu. Sehemu nyingine imo katika chungu, kwa maana ndugu hurithi pia mapishi, kiasi cha chumvi na desturi za mezani. Tena, babu aliyekula ugali wa mtama na kutembea kutwa nyuma ya ng'ombe huenda alikuwa na udhaifu huo huo usionekane. Mjukuu anayepanda bodaboda na kunywa soda kila siku huufunua.

Soma Yn. 9:1–3. Yesu alilijibuje swali la wanafunzi kuhusu wazazi wa yule kipofu?

Ugonjwa wa ukoo si hukumu, wala mgonjwa asihesabiwe kuwa mwenye dhambi kuliko wengine. Lakini kanuni ya Ezekieli inabaki: mwana aliona, akaogopa, ndipo akageuka. Asiyeoneshwa atageukaje? Yosia alikuwa mwana wa Amoni na mjukuu wa Manase, lakini alishika njia nyingine (2 Fal. 22:1, 2). Ukoo ulimpa mahali pa kuanzia, haukumpangia mwisho.

Hata katika mwili ndivyo ilivyo. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokaribia kupata kisukari, wengi wao wakiwa na ndugu wa karibu wenye ugonjwa huo. Kundi moja lilifundishwa kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Nao uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Waadventista wa Amerika Kaskazini, uliotolewa mwaka 2011, ulikuta sindromu hii kwa watu 25 hivi katika kila 100 wasiokula nyama, na 40 hivi katika kila 100 wanaoila.

Kwa hiyo mwana yule wa Ikoma ana kazi ya kufanya kabla ya Sabato ijayo: kumwuliza mama yake kwa heshima baba aliugua nini, kupimwa shinikizo la damu, sukari na kiuno, kisha kuwaambia wadogo zake. Naye mama anayevunja ukimya huo hamwaibishi marehemu. Anawaachia watoto wake urithi ulio bora kuliko ng'ombe.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini familia nyingi huona ni rahisi kutaja uchawi kuliko kutaja ugonjwa? Imani katika Kristo inabadilije jambo hilo?

2. Soma 1 Kor. 6:19, 20. Ni desturi gani ya mezani iliyorithiwa ambayo kila nyumba inapaswa kuipima upya?

3. Kanisa la mahali linawezaje kusaidia washiriki wake kupimwa, bila kumwaibisha yeyote?