Mshororo wa Mizani 17

Mwalimu tarajali mmoja alipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya sekondari, somo la Kiswahili, Kidato cha Tatu. Chuoni alisifika kwa kompyuta. Wenzake walimletea slaidi zao azipambe. Usiku wa kuamkia kipindi cha ushairi aliiomba programu ya akili mnemba imtolee shairi la Shaaban Robert kuhusu lugha. Punde si punde akapata beti 4, jina la mshairi chini yake. Akazibandika juu ya picha ya bahari wakati wa machweo, akatia na muziki wa taarabu, akalala.

Asubuhi projekta ilipowaka, darasa lilichangamka. Alieleza vizuri kwamba tarbia ni ubeti wa mishororo 4, na kwamba mshororo wa shairi la kimapokeo aghalabu huwa na mizani 16: 8 ukwapi, 8 utao. Kisha akawaambia wahesabu wenyewe. Binti wa dawati la mbele akaanza kukunja vidole: lu-gha-ye-tu-ya-Ki-swa-hi-li. Akarudia.

“Mwalimu, ukwapi una 9. Ukiondoa ‘ya’ inakaa sawa: Lugha yetu Kiswahili.”

Mwenzake akauliza shairi hilo limo katika diwani gani. Mwalimu akajibu kwamba limetoka mtandaoni, akasogeza slaidi.

Ubeti uliofuata ulikuwa na kosa zito zaidi, nalo hakuna aliyeligundua: uliishangilia Jamhuri ya Tanganyika. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Jamhuri ilitangazwa tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Shairi lile hakuliandika yeye, wala mtu mwingine yeyote. Mashine ililitunga ikalivika jina lake, na darasa zima likalinakili daftarini.

Nyuma ya darasa aliketi mkufunzi kutoka chuoni na fomu yake ya tathmini. Penye “zana za kufundishia” aliandika: bora sana. Hapo ndipo ninapoumia. Kijana alitenda sawasawa na alivyofunzwa: kwa miaka ya chuo alipimwa kwa mng’ao wa slaidi, na hakuna siku aliyodaiwa aonyeshe matini ameitoa wapi. Fomu yenyewe haikuwa na nafasi ya swali hilo. Tukiendelea hivi tutapeleka shuleni walimu hodari wa kubonyeza vitufe, watakaowarithisha watoto wetu fasihi ambayo haijawahi kuwapo.

Na ubunifu ulikuwemo darasani mle, kwa yule binti. Kwa vidole vyake alifanya kazi ya mhariri, akatengeneza mshororo pale pale. Angepewa simu ya mwalimu aughani, arekodi, ausikilize, kisha kila kundi litunge mshororo wa pili, kipindi kingekuwa na teknolojia na ushairi kwa pamoja.

Zoezi la namna hiyo lianzie chuoni. Walimu tarajali wapewe ubeti uliotungwa na mashine, wahesabu mizani, wakague vina, wakafungue diwani maktabani kuona kama umo, wautengeneze kisha waughani mbele ya wenzao. Haligharimu kitu zaidi ya simu walizo nazo mfukoni. Na kwenye fomu ya tathmini kiongezwe kipengele kimoja, kabla ya mazoezi ya muhula ujao: je, mwalimu amehakiki chanzo cha matini aliyofundisha?