Muhogo Mchungu na Swali la Riziki

Mazao yanayovumilia ukame husifiwa siku hizi kana kwamba yameumbwa kumwokoa mwanadamu bila jasho lake. Kwinoa, mbegu ya milima ya Andes yenye protini nyingi na uwezo wa kustawi penye chumvi na mvua haba, ilitengewa na Umoja wa Mataifa mwaka mzima wa 2013. Na huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde kusini mwa Tanzania, na katika wilaya jirani ya Masasi, sifa kama hizo hupewa muhogo, ambao hukaa ardhini ukisubiri kuvunwa hata mahindi yanapokauka shambani. Swali linalomhusu mwanafalsafa, na linalomhusu zaidi mwenye imani, ni iwapo uvumilivu huo ni wa mmea peke yake, au ni wa watu wanaoufanya mmea huo uweze kulika.

Muhogo mchungu una linamarini, yaani kemikali ambayo mzizi unapokatwa au kupondwa huvunjika na kutoa sayanidi, sumu inayozuia mwili kutumia oksijeni. Sumu hiyo ndiyo ngao ya mmea dhidi ya wanyama waharibifu, na ndiyo inayomlazimu binadamu kuumenya, kuuloweka au kuuanika makopa kwa siku nyingi kabla ya kusaga. Mwaka 1988, ukame na uhaba wa chakula vilipoikumba Masasi, zilikuwapo kaya zisizoweza kusubiri siku hizo. Zikatengeneza chinyanya, unga unaopatikana kwa kutwanga muhogo mbichi, kuuanika kidogo na kuutwanga tena, ili ugali upikwe siku ile ile. Waliokula walidhurika, na watafiti waliochunguza unga huo waliukuta na mabaki mengi ya sumu. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, mambo yalikuwa mazito zaidi mwaka 1981, ambapo zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipatwa na konzo, ugonjwa wa ghafla unaopooza miguu na usiopona. Mwili huhitaji salfa itokayo kwenye protini ili kuipunguza makali sayanidi, kwa hiyo aliyekosa kitoweo ndiye aliyeumizwa na ugali.

Hapo ndipo fundisho la riziki, yaani fungu ambalo Mungu humpa kila kiumbe, linapohitaji kusomwa kwa makini. Waislamu wa Newala na Wakristo wa Masasi, ambako misheni ya Kianglikana ilifika mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wanasimuliana kisa kimoja cha Yusufu aliyeiokoa Misri katika miaka saba ya njaa. Kisa hicho hakitaji mbegu ya ajabu hata moja: kinachookoa ni akiba iliyowekwa mapema na mamlaka iliyokubali kuigawa. Tawakali, yaani kumtegemea Mungu baada ya mtu kutimiza wajibu wake, haiwezi basi kuwa kisingizio cha kumwachia mama mmoja, mwenye kinu, jamvi la kuanikia na watoto wanaolia, jukumu ambalo Yusufu alilipangia dola nzima. (Wapo wanaoliita hilo subira, jina la heshima kupita kiasi kwa jambo lenye dhuluma ndani yake.)

Uvumilivu wa zao, ukitazamwa hivyo, ni deni linalolipwa kwa muda, maji na nguvu za watu, na mara nyingi anayelilipa ni mwanamke. Kwinoa nayo haikusamehewa: ganda lake lina saponini, kemikali chungu inayotoa povu kama sabuni, ambayo huondolewa kwa kukoboa au kwa kuosha mara nyingi. Mchanga wa uwanda wa Makonde hunywa mvua upesi, na kwa vizazi wanawake wa Newala walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo vichwani. Atakayetaka kuleta huko zao jipya la kukabili njaa aanze kwa kuwauliza wanawake hao maji ya kuliosha yatatoka wapi, na aweke ghala la akiba kabla ya kugawa mbegu.