Umejuaje?

Nilipokuwa darasa la tano, katika shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, mwalimu alisimama mbele yetu akatangaza kwamba samaki mkubwa kuliko wote duniani ni nyangumi. Tukaandika. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, mtoto wa mvuvi, yeye hakuandika. Akanyoosha kidole. "Mwalimu, umejuaje kama ni samaki? Maana baba anasema nyangumi ananyonyesha, na samaki mkubwa ni papa potwe, yupo kule Mafia."

Mwalimu akamwuliza kama baba yake naye amesomea ualimu. Darasa zima tukaangua kicheko. Kisha akachapwa fimbo nne, si kwa sababu ya nyangumi, bali kwa sababu ya ubishi.

Sasa, ndugu msomaji, yule mvuvi alikuwa sahihi. Nyangumi anavuta hewa kwa mapafu na mtoto wake ananyonya. Samaki mkubwa kuliko wote ni papa potwe. Lakini kwenye mtihani sisi tuliokwisha kujua kunyamaza tulipata vema, na mimi nilikuwa wa kwanza. Sisemi hivi kwa kujisifu, utaona mwenyewe.

Siku hizi watu wanabishana kila mahali mtoto afundishwe nini ili aimudu dunia ya leo. Mmoja anasema Kiingereza. Mwingine kompyuta. Mwingine ujasiriamali, yaani mtoto wa miaka kumi ajue kukokotoa faida ya ubuyu. Mzee mmoja pale kijiweni kwetu yeye anasema adabu tu, basi, mengine yatafuata. Sivikatai. Ila mimi naviweka vyote nyuma ya kimoja: mtoto ajue kuuliza "umejuaje?", na siku akiulizwa yeye, asinune.

Sikuyapata haya vitabuni. Mwaka 2020 nilikuwa nimeshamaliza kidato cha sita, sina kazi, nimejishikiza kwa shangazi yangu Tandika. Shangazi anakaanga vitumbua asubuhi, jioni anauza mihogo. Macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo, kwa hiyo ujumbe wa simu nilikuwa namsomea mimi. Siku moja ukaingia huu: ile kodi tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo. Na kweli kodi ilikuwa inadaiwa, miezi sita, laki tatu. Shangazi alikuwa nazo kwenye simu, amezikusanya shilingi kwa shilingi. Akanipa simu nimtumie.

Nikaingiza namba, likatokea jina. Nikamsomea. Shangazi akasimama na mwiko mkononi.

"Mbona jina silo la baba mwenye nyumba?"

Nikamjibu, tena kwa ile sauti ya msomi: "Shangazi, si ameandika mwenyewe kwamba ile nyingine ina matatizo? Labda hii ni ya mkewe."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikabonyeza. Wiki iliyofuata baba mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza kodi yake.

Ulaghai wa namna ile nani hakuujua? Na laini zilikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole, tukajua wezi wamekwisha. Lakini kilichoniuma si wizi. Kilichoniuma ni kwamba mwanamke aliyeishia darasa la tatu aliuliza swali lililokuwa la maana kuliko yote niliyojibu katika mitihani yangu, na mimi nikalizima. Nilimfanya shangazi kama mwalimu alivyomfanya rafiki yangu. Fimbo tu ndiyo iliyokosekana. Hajanilaumu mpaka leo. Angenilaumu ningepata nafuu.

Wala msiniambie kwamba hili ni jambo la kizungu. Mwalimu Nyerere, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaja akili ya kudadisi kama jambo ambalo elimu yetu ilipaswa kulijenga kwa kila raia. Jembe na bustani ya shule tulivichukua, mimi mwenyewe nimebeba sana ndoo za maji. Kudadisi tukakuacha njiani, labda kwa sababu bustani haimjibu mwalimu.

Na majumbani mwetu kudadisi kupo, tena kwingi. Mtume mtoto sokoni akanunue nazi. Kabla hajatoka mama atamwambia: itikise, uisikie maji, tazama macho yake yasiwe na ukungu, isiwe na ufa. Mtoto wa miaka saba anachutama mbele ya muuza nazi, mtu mzima mwenye ndevu, anatikisa moja baada ya nyingine sikioni, anazikataa tatu, na hakuna anayesema huyu mtoto hana adabu. Akirudi na nazi iliyooza ndipo anapogombezwa. Lakini mtoto huyohuyo akirudi na neno lililooza, alilolipokea kwa mtu mzima bila kulitikisa, tunamsifu kwamba ni msikivu.

Hata vitendawili vyetu, ninavyovipenda sana, vina tabia hiyo. Mtoto akishindwa anatoa mji, anapewa jibu, basi. Sijawahi kusikia bibi akiulizwa kwa nini jibu ni hilo na si lingine ambalo nalo lingefaa.

Na tukikua je? Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita porini, wenye shahada na wasio nazo, na wapo wagonjwa waliokufa wakisubiri. Simcheki mtu, maana mgonjwa hutafuta tumaini popote. Ila mtaani kwetu wapo walioviweka kando vidonge vya hospitali kwa sababu fulani kasema fulani kapona, na sikumsikia mtu akimwuliza huyo fulani kama alirudi kupimwa. Kuuliza kulionekana kukosa imani. Leo mambo ni magumu zaidi, kwani hata sauti ya mtu unayemfahamu inaweza kuigizwa na mashine ikakuomba hela.

Yule mzee wa kijiweni nilipompa maneno haya aliniambia: "Kijana, mtoto anayeuliza kila kitu hatakuwa na mtu wa kumwamini." Nikataka kumcheka, nikashindwa. Kuna ukweli hapo. Mtu akikwambia mama yako anaumwa, hukai kumhoji. Na swali moja linaweza kuwa kisu au kijiko, inategemea mdomo linakotoka. Kwa hiyo si kuuliza tu. Ni kuuliza kwa namna ambayo mwenzako atabaki mtu. Hilo nalo linafundishwa, na sisi hatukufundishwa.

Kwa shangazi sasa anakaa mjukuu wake, msichana wa miaka tisa. Yeye ndiye msomaji wa ujumbe siku hizi, mimi nimestaafishwa. Mwezi uliopita ukaingia ujumbe kwa namba ngeni: dada yake shangazi yuko hospitali na mwanawe, anaomba elfu ishirini haraka. Mtoto akaurudia mara mbili, kisha akasema, "Bibi, tumpigie kwanza tumsikie." Simu haikuwa na salio. Nikatumwa dukani kununua vocha ya mia tano, nikaenda nikinung'unika.

Tukapiga. Alikuwa ni dada yake kweli, kaazima simu ya jirani wa wodini. Hela ikatumwa papo hapo, lakini aliposikia kwamba tulitaka kwanza kuhakikisha, akanuna. Wiki nzima hakupokea simu ya shangazi.

Mtoto akaniuliza, "Mjomba, nilikosea?"

Nikamwambia hapana. Akanitazama, akamtazama bibi yake aliyekuwa anageuza vitumbua bila kusema neno.

"Umejuaje?"