UKINGO WA DARI
(Kumbukumbu la Torati 22:8)

Bwana aliwaagiza Israeli kuzungushia dari ukingo, ili mwenye nyumba asiwe na hatia ya damu ya aangukaye.

Mwaka 2022, huko Orlando, Marekani, kijana wa miaka 14 alianguka kutoka mnara wa michezo, ambao viti vyake vilikuwa vikipandishwa juu kisha kuachiliwa ghafula, naye akafa. Wachunguzi waliona ya kuwa kipimo cha kiti kilikuwa kimegeuzwa kwa mkono, hata taa ikawaka kana kwamba amefungwa salama, kumbe mwanya ulikuwa mkubwa mno.

Enyi walimu, msigeuze kipimo ili jina liandikwe upesi katika kitabu cha Ubatizo. Taa haimshiki mtu. Penye mwanya ngojeni, mkafundishe tena, hata Kristo mwenyewe amshike. Amina.