Mtoto na Kosa la Mzazi

Je, ni haki mtoto abebeshwe kosa la mzazi wake? Swali hili ni la kale, lakini nchini Marekani linaulizwa upya na vijana walioingizwa nchini humo wakiwa wadogo, bila hati za ukaazi.

Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya Plyler na Doe kwamba jimbo la Texas haliwezi kuwanyima watoto hao elimu ya shule. Uamuzi ulikuwa wa busara, ila uliishia kwenye lango la sekondari. Kijana akifika chuoni, msaada wa serikali kuu hapati, na katika majimbo mengi hudaiwa karo ya mgeni. Texas yenyewe iliwaruhusu karo ya mwenyeji mwaka 2001. Mwaka 2025 ruhusa hiyo ikafutwa mahakamani. Elimu ni bahari, nao wamefundishwa kuogelea kisha wakazuiwa pwani.

Vijana hawakunyamaza. Mwaka 2010 wanne walitembea kwa miguu kutoka Miami hadi Washington, mwendo wa maili 1,500 hivi. Mei mwaka huo wengine waliketi katika ofisi ya Seneta John McCain mjini Tucson, wamevaa majoho ya mahafali, wakijua kwamba wangeweza kukamatwa na kufukuzwa nchini. Desemba, muswada waliousubiri ulipata kura 55 katika Seneti, zilihitajika 60.

Wako wasemao kwamba sheria ni sheria, na kwamba wapo wanaosubiri vibali kwa miaka mingi. Hoja hii haifai kupuuzwa. Sisi walimu twajua kuwa shule isiyo na sheria haisimami. Lakini twajua pia kuwa adhabu hufunza pale tu inapompata mtenda kosa. Mtoto wa miaka mitatu hakuchagua mpaka wa kuvuka.

Hata hivyo, utetezi wa "mimi sina kosa" una mwiba ndani yake: humgeuza mama kuwa mshtakiwa. Baadhi ya vijana hao waliliona hilo, wakakataa kuinunua nafasi ya chuo kwa kuwashutumu wazazi wao. Nadhani walifanya vema. Chuo kinachomtaka mtoto amkane mamaye ndipo apokelewe, kimekwisha kumpa somo baya kabla hajaketi darasani.